Kimya cha Mwalimu Mkuu Phooko

Lebusa Phooko alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Ha Rantsoti kwa miaka kumi na saba, na kwa muda wote huo shule yake ilisifika kwa jambo moja: utulivu. Mtu akipita na punda wake kwenye njia ya juu saa nne ya asubuhi, watoto mia tatu na ushee wakiwa madarasani, angeweza kudhani ni siku ya mapumziko. Angesikia upepo kwenye mabati tu, na pengine chaki ikikwaruza ubao. Katekista wa misheni alipenda kuwaambia wageni kwamba hata kanisani kwake hapatulii namna ile.

Huko mwanamume mzima ni baba wa kila mtu, kwa hiyo wakubwa kwa wadogo walimwita Ntate Phooko. Alikuwa mrefu, mkavu wa mwili, mjane asiye na makuu, mwenye koti la kahawia lililonyooshwa pasi hadi kwapani na viatu visivyotoa sauti. Walimu walinong'onezana kwamba viatu vile alivitafuta makusudi. Mara nne kwa siku alizunguka kibarazani, mikono nyuma, akisimama kidogo kwenye kila dirisha. Kivuli chake kilipoangukia kioo darasa zima lilikaa wima, na yeye akaendelea na safari yake. Kuingia, hakuingia. "Mwenzio akiwa jikoni anapika, huendi kumfunulia sufuria," alikuwa akisema, na walimu walimpenda kwa hilo.

Tabia hiyo ya kupenda kimya haikuanguka kutoka mbinguni. Baba yake alirudi kutoka migodi ya dhahabu masikio yakiwa yameshakufa, na tangu hapo nyumbani kwao kila neno lilipigiwa kelele: chumvi iko wapi, ng'ombe wamerudi, mtoto ana homa. Lebusa alijifunza kusoma akiwa amejibanza kwenye zizi la mawe wakati mifugo ilipokuwa malishoni, kwa kuwa hapo tu ndipo alipoweza kusikia akili yake mwenyewe. Kati ya ndugu sita ni yeye peke yake aliyefika chuo cha ualimu. Basi akaamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba kelele ndiyo inayomtenga mtoto anayefika na yule asiyefika. Alipokabidhiwa shule aliazimia kuwapa watoto wa Ha Rantsoti kile alichokipata yeye zizini.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili aliletewa mwalimu wa mkataba, msichana wa miaka ishirini na sita aitwaye Keneuoe Letuka. Alishuka kwenye lori la mizigo na sanduku la bati, blanketi la kijivu mabegani na godoro lililokunjwa kwa kamba, akasalimia kila aliyemwona kana kwamba amerudi kwao. Ntate Phooko alimpa darasa la pili, watoto hamsini na saba.

Wiki mbili hazijaisha, 'M'e 'Mapontšo akaja ofisini. 'M'e ni mama, na huyu alikuwa msaidizi wa mwalimu mkuu tangu mwaka wa kwanza, mama mnene wa makamo aliyefundisha darasa la tatu, chumba cha jirani. Ukuta kati ya vyumba viwili haukufika kwenye bati.

"Ntate, nimesema nisiseme," alianza, akijishusha kitini, "lakini nitasema. Leo huko kwa jirani yangu wamekuwa ng'ombe."

"Wamekuwa ng'ombe?"

"Wanalia mooo. Wote. Nimevumilia. Halafu nusu yao wakageuka mbwa. Nikatoka, nikamuuliza, mwenzangu, hili ni somo gani? Akaniambia, herufi ya M."

"Na mbwa?"

"Mbwa sikuuliza, Ntate. Niliogopa nitajibiwa."

Keneuoe aliitwa. Aliingia na vumbi la chaki shavuni, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Ausi Keneuoe," Ntate Phooko alisema kwa upole, maana hakuwa mtu wa kufoka, "wewe ni dada mdogo hapa, na mimi sitaki kukuvunja moyo. Lakini wahenga walisema, debe tupu ndilo livumalo."

Binti alifikiri kidogo. "Ni kweli, Ntate. Ila debe tupu ukilifunika ukalikalia, halivumi. Linabaki tupu vilevile."

Mwalimu mkuu aliinamisha uso kuficha tabasamu. Jibu lilimpendeza, na ndiyo maana baadaye lilimuudhi.

"Wanasoma kweli?" aliuliza.

"Njoo uone. Si dirishani, Ntate. Ukisimama dirishani wanakuwa watoto wengine. Ingia ndani, ukae nao kwenye benchi, asubuhi hadi mapumziko."

"Nitakuja."

Hakusema hivyo kumwondoa tu. Aliandika kwenye kalenda ya ukutani, Jumanne, darasa la pili. Jumanne hiyo likaja lori la unga wa uji wa watoto, ikabidi asimamie upakuaji. Jumanne iliyofuata hakukuwa na lori, ila akakumbuka kwamba kuna barua za kujibu. Keneuoe alimkumbusha mara mbili, akicheka. Mara ya tatu hakumkumbusha.

Haikuwa kwamba msichana yule hakuwa na kasoro. Maandalio yake ya masomo yalichelewa, na mengine hayakuja kabisa. Daftari la mahudhurio aliliandika kama mtu anayekimbizwa. Aliwakalisha watoto sakafuni kwa vikundi, wakipanga kokoto na punje za mahindi kuwa herufi, na akina mama wakalalamika kwamba sare zinarudi nyumbani kama matambara ya jikoni. Kila lalamiko Ntate Phooko alilipokea na kuliweka kando, moja juu ya jingine, na lundo likakua bila yeye kujua kwamba analikusanya.

Mwezi wa tisa walikuja wakaguzi wawili kutoka wilayani. Shule iliwapokea kama ilivyozoea: mistari imenyooka, wimbo mmoja, kisha kimya. Ntate Phooko aliwatembeza kibarazani, na mkaguzi mkubwa, mzee mwenye kofia ya manyoya, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika dirisha baada ya dirisha. Walipofika darasa la pili wakakuta vita. Nusu ya darasa ilishikilia kwamba mbweha katika hadithi ni mwerevu, nusu ilisema ni mwizi tu kama wezi wengine, na msichana mmoja mdogo alikuwa amepanda juu ya benchi akisoma kwa sauti ya juu ule mstari uliothibitisha wizi. Mtu akasema neno, hamsini na saba wakaangua kicheko.

"Hapa naona kuna soko, Ntate," mkaguzi alisema, naye akacheka kidogo.

Alisema hivyo tu, kwa utani, akapita. Lakini Ntate Phooko aliona masikio yake yakiwaka moto. Ripoti ilipokuja iliandikwa kwamba nidhamu ya shule ni ya kupigiwa mfano, isipokuwa darasa la pili. Aliisoma ripoti ile mara nyingi, na kila mara jicho lake lilikwama kwenye "isipokuwa", kama kidole kwenye msumari.

Mwezi wa kumi na moja akaandika barua. Aliiandika mara tatu, kwa mwandiko wake mzuri, hadi ikasimama vizuri: mwalimu huyu hana uwezo wa kudhibiti darasa, na haendani na utamaduni wa shule yetu, naomba apangiwe kituo kingine. Hakuna alichokiongezea chumvi. Kila neno aliliamini.

Siku ya kufunga shule Keneuoe alikuja kuaga. Sanduku lake lilikuwa tayari limebebwa hadi barabarani.

"Barua nimeiona, Ntate. Walinionyesha wilayani."

"Ni kwa faida yako pia," alisema. "Unakokwenda ni shule ndogo, huko milimani. Utajifunza taratibu."

"Hukuja."

"Wapi?"

"Kukaa na sisi. Ungekuja, ukaona, ukakataa, ningeondoka na moyo wangu mzima. Kukataliwa na mtu aliyeona hakuumi sana." Alijifunga blanketi vizuri, akabana pini. "Baki salama, Ntate."

"Nenda salama, mwanangu."

Akabaki salama kweli. Darasa la pili lilipata mwalimu mwingine, mpole kama maji ya mtungini, na shule ikarudia hali yake. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

Kipupwe cha mwaka huo wa pili kilikuwa kikali. Asubuhi moja 'M'e 'Mapontšo aliteleza kwenye barafu karibu na kisima, akavunjika mguu juu ya kifundo. Wilayani hakukuwa na mwalimu wa kumshikia. Ntate Phooko akasema darasa la tatu atalichukua mwenyewe. Hakuwa ameshika chaki kwa miaka kumi na minne.

Siku mbili za kwanza alikuwa na furaha ya kitoto. Watoto walikaa wima, waliandika tarehe kwa mstari mmoja, waliitika pamoja. Siku ya tatu ilikuwa kusoma. Alimwinua msichana wa mbele, mdogo wa umbo, aitwaye Nthofeela, yaani kitu tu. Ni jina analopewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa, ili kifo kimpite bila kumtamani. Aliishi na nyanya yake ng'ambo ya bonde. Nthofeela alinyanyua kitabu akaanza: "Bibi alikwenda mtoni kuchota maji. Njiani akakutana na sungura." Hakukwama, hakugugumia, alipumzika kwenye kila nukta. Mwalimu mkuu alimkaribia ili ampongeze, akatupa jicho kitabuni.

Ukurasa uliokuwa wazi ulikuwa na picha ya basi na watu wamesimama kituoni. Hakukuwa na bibi wala sungura.

Akadhani mtoto amekosea ukurasa. Akamfunulia mwingine. "Soma hapa, mama."

"Bibi alikwenda mtoni kuchota maji," Nthofeela alisema.

Akaweka kidole chake chini ya neno moja, neno fupi. "Na hili?"

Nthofeela aliliangalia neno, akamwangalia yeye, akaangalia tena neno. Midomo ilitikisika bila sauti. Hakuna mtoto aliyemcheka, hakuna aliyemnong'oneza. Watoto hamsini walikaa wima, mikono juu ya meza, wakingoja ipite.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Umesoma vizuri." Na alipokwisha kusema hivyo akaona aibu, kwa sababu amemdanganya.

Kufikia Ijumaa alikuwa amewaita mmoja mmoja mezani kwake. Aliandika kwenye karatasi sentensi tano ambazo hazimo katika kitabu chochote: Mbuzi huyu ni wetu. Mama amepika maboga. Na nyingine za namna hiyo. Katika watoto hamsini na mmoja, waliosoma walikuwa tisa. Wengine walimtolea bibi na mto na sungura, kwa sauti nzuri, huku wakiitazama karatasi yenye mbuzi.

Aliketi mezani na karatasi yake hadi watoto wote walipotoka kwenda kunywa uji. Kisha akaichukua na kwenda darasa la nne.

Darasa la nne ndio waliokuwa wa Keneuoe. Hakuenda kwa sababu hiyo. Alikwenda kwa kuwa lilikuwa la jirani upande wa pili, na kwa kuwa alitumaini kukuta huko kitu cha kumtuliza. Mwalimu wao alimpisha. Akawapitisha mmoja mmoja. Wanane walijikwaa. Waliobaki, arobaini na ushee, walisoma karatasi nzima kama wanaokunywa maji, na mvulana mmoja aliyeitwa Pheello aliporudisha karatasi akabaki amesimama.

"Ntate, huyu mbuzi."

"Ana nini?"

"Imeandikwa ni wetu. Kwani kuna mtu amesema si wetu?"

Wenzake wakacheka. Halafu, wakikumbuka nani amesimama mbele yao, wakaziba vinywa kwa viganja, darasa zima kwa pamoja, kama waliofundishwa. Ntate Phooko aliviona vile viganja.

"Nani aliwafundisha kusoma?" aliuliza.

Wakatazamana. Msichana mmoja wa nyuma ndiye aliyejibu. "'M'e Keneuoe, Ntate. Alisema asiyeelewa asinyamaze."

"Na sasa?"

"Sasa tunanyamaza, Ntate."

Alisema kwa adabu, kama anayetoa taarifa njema.

Jumamosi alishuka hadi kwa 'M'e 'Mapontšo. Alimkuta kando ya jiko, mguu wenye plasta umewekwa juu ya kigoda, anafuma soksi. Alimpa pole, akapokea bakuli la uji mchachu, akanywa kidogo. Kisha akamweleza habari ya Nthofeela na karatasi.

Sindano za kufumia ziliendelea. "Tisa," alisema 'M'e 'Mapontšo. "Mimi ningesema kumi na mmoja. Basi wawili waliogopa."

"Ulijua?"

"Nilijua, Ntate."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Si mwaka huu peke yake."

"Na hukuniambia?"

Hapo akazilaza sindano mapajani. "Ulitaka kimya. Nikakupa kimya. Miaka kumi na minne hujaniuliza hata siku moja kama wanasoma. Umeniuliza kama wametulia. Mtoto aliyekariri hapigi kelele, Ntate. Anayetafuta neno ndiye anayepiga kelele, anauliza, anakosea, mwenzake anamrekebisha, wanagombana. Mimi nilikuwa najua kufundisha hivyo nilipokuwa msichana. Ulipokuja na kile kivuli chako dirishani, nikaacha."

"Lakini wewe ndiye uliyekuja kunilalamikia. Habari za ng'ombe."

"Ni mimi," alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa lakini sauti haikubadilika. "Watoto wake walikuwa wakicheka upande ule, na wangu wamekaa kama magunia. Unadhani nilikuwa nasikia nini kutwa nzima, Ntate? Kunywa uji wako, unapoa."

Akaunywa. Alitamani kumkasirikia, akatafuta hasira ndani yake kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, akaikosa.

Shule zilipofungwa akapanda basi kwenda milimani, safari ya siku moja na nusu, hadi shule aliyopangiwa Keneuoe. Mwalimu mkuu wa huko alimpokea kwa heshima kubwa, akawaita wenzake waje wamwone mtu wa Ha Rantsoti. Keneuoe hakuwepo. Alikaa mwaka mmoja, mkataba ukaisha, haukurudiwa.

"Darasa gani mlimpa?" Ntate Phooko aliuliza.

"Darasa? Hapana, Ntate. Barua yako ilimtangulia. Nilisema, kama Phooko ameshindwa naye, mimi ni nani? Nikampa ghala la vitabu na bustani ya kabichi." Akaongeza, akitaka kumfurahisha mgeni wake, "Kabichi alizilima vizuri."

Wakamwelekeza mji wa Maputsoe, kwenye viwanda vya nguo. Huko aliulizauliza siku mbili nzima. Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, alisimama kwenye lango la kiwanda kimoja huku mamia ya wanawake wakimiminika nje kuelekea kwa wauza maandazi na ugali wa sahani. Ni Keneuoe aliyemwona kwanza. Alikuwa amevaa kitambaa cha bluu kichwani, nyuzi nyeupe zimemganda mikononi.

"Ntate Phooko. Umepotea?"

"Nimekuja kwako, mwanangu."

Walikaa kwenye ukingo wa saruji. Alimnunulia andazi, Keneuoe akalikubali, akalimega katikati na kumpa nusu. Ntate Phooko alimweleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma kumbukumbu za kikao: kisima, mguu, Nthofeela, karatasi, tisa, arobaini na ushee. Hakumficha habari za viganja mdomoni. Keneuoe alisikiliza akitafuna polepole.

"Pheello bado anabishana na vitabu?" aliuliza.

"Bado."

"Na Limpho? Yule aliyekuwa akiandika S kinyume?"

Hakujua. Keneuoe alimuuliza habari za watoto wengine sita, mmoja mmoja kwa jina, na watatu kati yao Ntate Phooko hakuweza kukumbuka hata sura zao. Akaona kwamba amewatazama watoto wale kupitia kioo miaka mingi, na anachokijua ni migongo yao iliyonyooka.

"Nitaandika barua nyingine," alisema. "Nitaandika kwamba nilikosea. Nitaipeleka mwenyewe, si kwa posta. Utarudi."

"Andika, Ntate. Ni vizuri iandikwe." Alipangusa vidole kwenye aproni. "Ila mimi sirudi."

"Mshahara wa hapa..."

"Si mshahara. Huko milimani nilikaa mwaka mzima nasikia darasa upande wa pili wa ukuta, na mimi nahesabu kabichi. Kuna siku nilijiuliza, pengine wanasema kweli, pengine sijui kufundisha. Siku nyingine nikajiuliza tena. Mwisho nikawa siulizi, nikawa naamini tu." Alimtazama bila ukali. "Sasa ukinisimamisha mbele ya watoto nitakuwa nasikiliza viatu vyako, Ntate, na viatu vyako havisikiki."

King'ora kililia. Wanawake wakaanza kurudi ndani.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe zamani, la sivyo ungeniliza bure hapa." Akasimama, akajipangusa makombo. "Yule mtoto wa bibi na sungura, usimpe kitabu kwanza. Mpe jina lake. Aliandike kwa kokoto. Jina lake analijua, hawezi kulikariri vibaya."

Akaingia langoni na wenzake.

Muhula mpya ulipoanza, Ntate Phooko aliwakusanya walimu akawaambia yaliyotokea, bila kuficha sehemu yake mwenyewe. Akasema kuanzia sasa watoto waulize, wasemezane, wakosee. Walimu waliitika, kisha wakarudi madarasani na kuendelea kama zamani, wakidhani ni mtego. Alijaribu kuingia madarasani na kukaa kwenye benchi, kama alivyoombwa miaka iliyopita. Lakini kila alipoingia, kimya kiliingia naye. Mtoto aliyekuwa katikati ya sentensi aliimeza. Aliketi pale, magoti yamefika kidevuni, akitabasamu ili wamzoee, nao wakakaa wima na kumngoja atoke. Hatimaye alielewa kwamba msaada mkubwa anaoweza kuwapa ni kukaa ofisini na kufunga mlango. 'M'e 'Mapontšo alirudi na fimbo ya kutembelea, na yeye ndiye aliyeanza. Wiki ya pili ya mwezi wa tatu kulisikika kelele darasa la tatu. Ntate Phooko akiwa ofisini aliweka kalamu chini, akasikiliza, kisha akaishika tena, maana mkono ulikuwa tayari unaelekea kwenye kitasa.

Ntate Phooko alimfundisha Nthofeela mwenyewe, kila siku baada ya uji, kwa kokoto nyuma ya ofisi. Jina lake lilichukua wiki tatu. Mtoto alikuwa ameshazoea kuotea, na kila neno jipya alilitolea neno analodhani linatakiwa, akimtazama mwalimu usoni badala ya karatasini. Kufikia mwisho wa mwaka aliweza kusoma sentensi fupi akipewa muda. Mwaka uliofuata nyanya yake aliugua, na Nthofeela akaacha shule kumwangalia. Ntate Phooko alivuka bonde mara mbili kumwombea arudi. Mara ya pili alikuta mlango umefungwa. Mtoto amekwenda kuokota kuni.

Alistaafu miezi minne baadaye. Kijiji kilimfanyia sherehe uwanjani pa shule. Kulikuwa na kondoo wawili, pombe ya mtama, kwaya ya misheni, na chifu mwenyewe akamvika blanketi jipya mabegani. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasifu. Walisifu utulivu. Katekista alisimulia tena ile habari ya kanisa. Mwenyekiti wa wazazi alisema shule nyingine zina kelele za magenge lakini ya kwetu, watu wangu, ya kwetu ungesikia sindano ikianguka.

Zamu yake ilipofika alisimama na kushika blanketi lisidondoke. Alikuwa ameandika hotuba, akaiacha mfukoni. Alisema kwamba sifa wanazompa zinamuuma, kwamba watoto wengi walipita mikononi mwake wakijua kunyamaza na hawakujua kusoma, na kwamba palikuwa na mwalimu aliyejua kuwafundisha na yeye alimfukuza bila hata kuingia darasani kwake. Akamtaja jina. Sauti yake haikuzoea maneno ya namna ile. Ilitoka ndogo, na upepo ulikuwa mkali. Walio mbele walisikia nusu, wakadhani ni unyenyekevu wa mzee anayeaga. Wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. 'M'e 'Mapontšo peke yake, akiwa kitini na fimbo yake, hakupiga.

Watu walipoanza kupanga mstari wa chakula, nyanya yake Nthofeela, aliyepata nafuu kiasi, alimjia akijikongoja na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Usijitese, Ntate," alimwambia. "Nimekusikia unavyojilaumu. Wewe ulimpenda yule mtoto, ulivuka bonde kwa ajili yake. Kichwa chake ndicho kizito, amekichukua kwa baba yake."

"Hapana, 'M'e," Ntate Phooko alisema. "Hakuwa mzito. Mtoto yule hakuwa mzito hata kidogo."

Lakini bibi alikuwa ameshageuka kuangalia mstari, kwa kuwa nyama ilikuwa inagawiwa, akauachia mkono wake na kwenda kushika nafasi.